Chanjo ya kideri ni ya mtaa, si ya banda

Kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Newcastle, hakina dawa. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wanakuja kwenye cherehani yangu, si kwa ajili ya gauni, bali kuniuliza dawa ya kideri, na nikiwaambia haipo wanadhani nawaficha. "Mbona dukani wamenipa?" Wamekupa, ndugu yangu, kwa sababu ulikwenda na hela mkononi. Ule unga wa njano uliofungiwa kwenye karatasi ni antibiotiki. Kazi yake ni bakteria. Kideri ni kirusi, hakishtuki hata kidogo. Kuku watatu waliobaki wakipona, unga unasifiwa. Wale waliozikwa nyuma ya choo hakuna anayewaulizia.

Mimi ni fundi nguo hapa Kihonda, Morogoro. Mbele ya nyumba nashona, nyuma nafuga: chotara wa mayai waliofungiwa bandani, na wa kienyeji ambao mchana wanazurura na kurudi magharibi. Sijasomea mifugo. Ninayoyajua nimeyapata kwa afisa mifugo wa kata, kwa mtaalamu mmoja wa maabara mwenye subira sana, na kwa kupasua kuku waliokufa. Ila kuna jambo moja nimelishikilia na silegezi: kwa mfugaji wa uani, banda halina mpaka. Kuku wako wa kienyeji anakula jalalani na wa jirani, anapandwa na jogoo wa nyumba ya tatu, anataga kwenye matofali ya jengo lisilokwisha. Ukimchanja wewe peke yako umemkinga yeye, lakini ugonjwa umeuacha barabarani ukisubiri vifaranga atakaoangua mwezi ujao.

Wengi hawajui kideri kinavyoingia mtaani. Wanasema kimekuja na upepo. Ni kweli miezi ya kiangazi kuelekea vuli ndiyo mibaya zaidi, lakini mimi nikifuatilia nakuta karibu kila mara kimekuja na miguu ya watu. Kuna mgeni aliyeleta jogoo wa zawadi kutoka kijijini. Kuna mchuuzi mwenye matenga juu ya baiskeli, anayenunua kuku watatu hapa na wawili pale, akiwachanganya wote mle mle. Na iko njia moja ambayo sisi akina mama ndio tunaoishika bila kujua: kuku wa kitoweo. Unamnunua sokoni kwa sababu hutaki kuchinja wako, amezubaa kidogo lakini bei nzuri, unamchinja uani, manyoya na utumbo unavitupa jalalani. Nusu saa baadaye mitetea yako yote iko pale inachakura. Hapo umewalisha kirusi kwa mkono wako mwenyewe, na dalili zitatokea baada ya siku kadhaa, mara nyingi chini ya wiki moja, wakati yule kuku wa sokoni umekwisha kumsahau.

Na kwa nini alikuwa na bei nzuri? Kwa sababu aliyemuuza aliona wenzake wanaanza kufa. Hii ndiyo tabia inayoniudhi kuliko zote katika ufugaji wetu. Kuku akianza kukohoa, mbio sokoni. Mtu anaokoa hela ya kuku watano na kuangamiza kata nzima.

Dalili zake nadhani mnazijua, lakini nizitaje kwa sababu watu wanaita kila kifo kideri. Kuku anazubaa, mabawa yanashuka, anahema mdomo wazi, anaharisha kijani. Wanaovuka hatua hiyo shingo inapinda na kichwa kuangalia nyuma, wengine miguu inapooza. Anayepinda shingo anaweza kuishi wiki nyingi hivyo hivyo, akizunguka mahali pamoja na kudonoa hewa badala ya punje. Kundi ambalo halijawahi kuchanjwa linaweza kuisha lote. Bata wa jirani utawaona wazima wanaogelea kwenye dimbwi, usidanganyike: bata anaweza kubeba kirusi hicho asionyeshe chochote.

Sasa chanjo. Iliyotusaidia sisi ni ile ya tone la jicho, inaitwa I-2, na kwa hapa Tanzania inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, jina lake la dukani TEMEVAC. Asili ya mbegu yake ni Australia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland walichagua kirusi dhaifu kinachovumilia joto, kwa kufikiria vijiji visivyo na friji. Kuvumilia joto si kwamba uitie mfukoni ukazunguke nayo juani. Mwanga wa jua unaiua kama chanjo nyingine. Sisi tunaibeba kwenye kikapu, imeviringishwa kitambaa kibichi, kivulini.

Ubaya wake ni mmoja tu: chupa. Chupa moja ina dozi nyingi mno kuliko kuku wa kaya yoyote ya mtaani kwetu. Bibi mwenye mitetea minne na jogoo hawezi kununua dozi za kuku mia ili atumie tano na kumwaga zilizobaki, maana ikishafunguliwa na kuchanganywa haikai. Kwa hiyo hanunui. Na jirani yake mwenye kuku wanane hanunui. Ukihesabu hivyo nyumba kwa nyumba unapata mtaa wenye kuku wengi na chanjo hakuna, na hakuna hata mmoja aliye mzembe. Kila mmoja anapiga hesabu sahihi nyumbani kwake.

Ndiyo maana tukaanza kuchangia. Nilikuwa na faida moja: mteja wa nguo huwa anakaa kusubiri, na akikaa anaongea. Mazungumzo yakianza na kola yanaishia kwenye kuku. Nikawa naandika kwenye daftari la vipimo, upande wa nyuma: nyumba fulani kuku kumi na wawili, nyumba fulani sita na vifaranga. Mchango unagawanywa kwa idadi ya kuku, na kwa wengi haufiki bei ya soda. Mmoja wetu anakwenda kuchukua chupa, na asubuhi inayofuata tunachanja.

Tunachanja alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa. Ukishafungua umekwisha, utakimbizana nao mpaka adhana ya adhuhuri. Watoto ndio wakamataji, na wanaifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo siioni nikiwatuma maji. Mmoja anamtoa kuku bandani, anambana mabawa kwapani, ananikabidhi kichwa. Nakilaza ubavu ili jicho moja litazame juu. Dropa naishika wima, matone yatoke sawasawa, na ncha yake haigusi jicho. Tone linaanguka, linakaa juu ya jicho kidogo kama ushanga, kuku anapepesa, linatawanyika. Hapo ndipo anaachiwa, si kabla. Akitikisa kichwa tone likaruka, narudia. Jicho moja linatosha.

Kila aliyechanjwa anafungwa mguuni kipande chembamba cha kitambaa, masalio ya vitenge ambayo fundi hayamwishii. Havikazwi, na baada ya siku mbili tatu tunavikata ili visiwabane wanaokua. Kwa vile vitambaa tunajua asubuhi hiyo hiyo nani amerukwa. Saa tatu ukimwona jogoo anatamba barabarani mguu mtupu, unauliza ni wa nani, na mara nyingi mwenyewe anakana.

Mkishamaliza naweni mikono kwa sabuni na msijiguse macho. Kirusi cha chanjo ni hai, na kikimwingia mtu jichoni kinaweza kumletea wekundu na machozi siku chache.

Chanjo haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Mwili wa kuku unahitaji kama wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Mwaka mmoja tulichanja wakati kideri kimekwisha kuingia mtaa wa pili, na nyumba moja kuku walianza kufa siku mbili baadaye. Mwenye nyumba alikuja na mmoja amemshika miguu, akamtupa mlangoni kwangu mbele ya wateja. "Kuku walikuwa wazima, mmekuja na sumu yenu." Sikubishana naye pale. Kuku wale walikuwa na kirusi ndani kabla tone halijawafikia, na chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ilichukua muda mrefu yeye kuelewa, na walioelewa kwanza ni wale ambao kuku wao walibaki. Tangu hapo hatusubiri kusikia kideri kiko wapi. Tunakwenda kwa kalenda, kila miezi mitatu, kwa sababu kinga inapungua na kwa sababu vifaranga wapya wanaangulia kila wakati, na hao hawana kitu.

Wapo mtaani wanaotumia ile ya kwenye maji, Lasota. Nzuri pia, hasa kwa wenye kuku wengi wa bandani. Vifaranga wangu wa chotara nawapa hiyo siku ya saba na kurudia ya ishirini na moja, na siku ya kumi na nne na ya ishirini na nane nawapa chanjo ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi. Lakini maji ya bomba yenye dawa yanaiua chanjo kabla kuku hajainywa. Tumia ya kisima au ya mvua, au kama huna, koroga humo unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta kwanza. Wanyime maji saa moja au mbili ili wote waje na kiu, na kiasi kiwe cha kuisha ndani ya saa mbili. Kuku mnyonge anayesukumwa na wenzake hanywi, ndiyo maana mimi naamini tone kuliko maji.

Kideri nimekiweka mbele kwa sababu ndicho kinachomaliza. Lakini kinachowaua vifaranga wangu mimi, kila masika, si kideri. Ni koksidia, ugonjwa wa kuharisha damu unaoletwa na vimelea vya utumboni.

Hapa nataka niwe mrefu kidogo. Masika Morogoro maji yanatoka mlimani na kutoka juu, ukuta wa banda unatoa jasho, na matandazo yanashika unyevu hata kama paa halivuji. Vimelea vya koksidia vinatoka na kinyesi vikiwa bado vichanga, haviambukizi. Vikipata joto na unyevu, siku moja au mbili vimekomaa. Kifaranga anadonoa matandazo, anavimeza. Kwa hiyo ugonjwa wote huu unategemea sehemu moja ndogo: ule mduara wa matandazo yaliyoloa kuzunguka chombo cha maji. Weka kiganja pale. Kama kinatoka na unyevu, usiangalie kwingine.

Kifaranga akifa nampasua. Simpasulii bandani, namtoa mbali, juu ya mfuko wa saruji uliofunguliwa, mifuko ya nailoni mikononi, na kila kitu kinachomwa baadaye. Mwishoni mwa utumbo kuna vifuko viwili virefu vilivyozibwa upande mmoja. Kwa kifaranga mzima vina uchafu wa kahawia tu. Kwa yule wa masika iliyopita vilikuwa vimevimba, vyekundu mpaka nje, na nilipogusa kimoja kwa ncha ya mkasi ilitoka damu iliyoganda. Hapo huna haja ya kuuliza mtu. Nilikwenda kununua amprolium, dawa ya koksidia, wakanywa kwenye maji kwa siku zilizoandikwa kwenye paketi, zote, hata baada ya kuchangamka. Nikatoa matandazo yote. Siyo kupulizia dawa juu yake: dawa nyingi za kuua vijidudu hazivigusi vimelea hivi. Pumba kavu ya mpunga, chombo cha maji juu ya matofali mawili usawa wa mgongo wa kifaranga, na kila asubuhi matandazo yanageuzwa kwa reki. Anayeshika reki ni mwanangu, na analalamika.

Angalieni tofauti lakini. Vifaranga wa wiki tatu hadi sita, wamejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu: fikiria koksidia. Uso umevimba upande mmoja, kamasi puani, harufu mbaya ukimsogelea: hayo ni mafua ya kuku, ni bakteria, na hapo ndipo antibiotiki ina kazi yake, ila anayepona anaweza kubaki na vijidudu na kuwaambukiza wageni utakaowaleta, kwa hiyo wangu waliopona niliwachinja mmoja mmoja baada ya siku za kusubiri dawa itoke mwilini kwisha. Siku hizo zimeandikwa kwenye lebo na watu hawazisomi. Unampa kuku dawa leo na mayai yake unamuuzia mama mwenye mtoto mchanga kesho.

Ndui ndiyo rahisi kuitambua: vipele kwenye upanga na kuzunguka macho, ugonjwa unaoletwa na mbu. Chanjo yake ni ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa kwa sindano ya ncha mbili. Wiki moja baadaye ukute kiuvimbe pale ulipochoma, usipokikuta chanjo haikushika. Aliyekwisha kuugua kinachomuua mara nyingi ni njaa, kwa sababu macho yamefunga haoni chakula. Mlishe kwa mkono, safisha macho kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, atapona.

Mwarobaini, shubiri na pilipili kichaa, najua mtaniuliza. Nawawekea majani ya shubiri kwenye maji mara moja moja, bibi yangu alifanya hivyo na sina ugomvi nayo. Ila sijawahi kuona pilipili ikirudisha kuku wa kideri, na mtu anayesubiri siku nne akitwanga pilipili amewapa kuku wengine siku nne za kunywa chombo kimoja na mgonjwa. Mgonjwa atengwe saa hiyo hiyo. Aliyekufa achomwe au afukiwe kina kirefu, mbwa wasimfukue. Wakifa wengi ghafla usiwashike ovyo wala kuwachinja. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata, yeye ndiye anayejua namna ya kupeleka sampuli.

Kuhusu kuku mgeni: kwangu anakaa wiki tatu kwenye kibanda chake upande wa pili wa nyumba, na analishwa mwisho, baada ya wenyeji. Ndala za kuingilia bandani ni za bandani, zinakaa mlangoni. Pale mlangoni pana beseni la maji ya dawa, lakini kama ndala ina kinyesi kilichoganda, beseni ni pambo. Isugue kwanza. Na trei za mayai za kuazimana na wauza mayai nimezikataa kabisa. Kila mteja anakuja na yake na inabaki nje ya geti. Wameniita mringaji. Sawa.

Kuna mzee mmoja wa nyumba ya kona ambaye alitusumbua sana. Kuku wake ni wengi, wa asili kabisa, wanalala juu ya mwembe. Nilikwenda mara ya kwanza na daftari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunichoma kuku sindano."

"Si sindano babu, ni tone la jicho."

"Kuku wangu baba yao hakuchanjwa, na babu yao hakuchanjwa."

"Na wale wa mwaka juzi?"

Akanyamaza kidogo. "Wale walirogwa."

Sikupata mchango kwake na mpaka leo sijapata. Tulikaa kikao, wengine wakasema aachwe. Mimi nikasema hapana, dozi zinabaki kila mara, tunazimwaga. Kuku wake ndio wanaokula kwenye majalala yetu wote. Tuwachanje kwa hela yetu. Hatukumwambia hivyo, tulimwambia tumebakiwa na dawa na itaharibika, babu tusaidie isipotee bure. Akakubali, kwa sharti kwamba tutawakamata wenyewe kutoka juu ya mwembe, usiku. Vijana wawili wa bodaboda walipanda na tochi za simu. Mmoja alishuka amejaa viroboto wa kuku kichwani, akatudai soda mbili badala ya moja, na akapewa.

Awamu ijayo ni kabla ya vuli kuanza. Kama uko mitaa hii ya Kihonda na una kuku, hata mmoja, pita dirishani kwangu uandikishe idadi, pamoja na vifaranga na kanga wa kufugwa. Mchango ulipwe siku ya kuandikisha, maana mara iliyopita nyumba tatu zililipa kwa mayai na mwenye duka la dawa hakuyataka.